Tumemchangia Mama swali lake

Msiba wa Mama ulichangiwa milioni 7 na laki 2 ndani ya siku nne. Naijua hiyo namba kwa kichwa maana daftari la rambirambi nilishika mimi, kaka alikua anahangaika na jeneza na usafiri, dada zangu wako ndani na Baba, kwa iyo mimi nikakaa pale kwenye kimeza chini ya turubai na kalamu ya bluu, kila anayekuja naandika jina na kiasi, na simu nayo inaingiza meseji za pesa mpaka chaji inaisha. Watu walitoa jamani. Majirani zetu wa Mbezi, wanajumuiya, watu wazima na familia zao ambao Mama aliwafundisha darasa la pili huko nyuma, na kuna mzee mmoja alipanda kilima na fimbo yake akaniwekea elfu 2 iliyokunjwa mara nne akaniambia andika tu "jirani". Hilo daftari ninalo mpaka leo.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadae nikawarudia watu walewale na ombi jingine, nikawaambia naomba tuchange tena kwa jina la Mama, safari hii sio jeneza wala chakula cha waombolezaji, ni utafiti wa kansa iliyomuua. Na hapo ndo nikajua kuna michango watu wanaielewa na kuna michango inabidi ukae chini uieleze, tena uieleze mara nyingi, na ndo maana naandika hii post ndefu, kwa sababu wengi mmeniuliza inbox ilikuaje na hela ilienda wapi.

Nianze na Mama mwenyewe. Sisi kwetu Kibosho, juu kidogo ya Moshi, kwenye kihamba cha migomba na kahawa. Mama alikua mwalimu wa shule ya msingi mpaka anastaafu, mtu wa maswali, hata ukimpelekea habari ya mtu kaanguka na pikipiki anataka kujua aliangukia upande gani na barabara ilikua imelowa au kavu. Ugonjwa ulianza na ugali. Akawa anasema tonge linakwama hapa, anaweka kidole chini kidogo ya shingo, halafu anakunywa maji linashuka. Tukasema anakula haraka. Akaenda zahanati moja akapewa dawa za vidonda vya tumbo, akazimeza miezi mitatu mizima, akirudi kulalamika anaongezewa nyingine, hakuna aliyesema huyu mama apitishwe kamera. Ugali ukashindikana akahamia wali, wali ukashindikana akahamia mtori, na mtori kwetu ndo chakula cha mgonjwa na mzazi, ndizi zilizopondwa na nyama na siagi mpaka zinateleza, sasa mtu akishindwa mtori unajua mambo yameharibika. Nilikua nyumbani likizo siku moja nikamuona anainuka na bakuli lake anatoka nje kama anaenda kuangalia ng'ombe, nikamfuata polepole, nikamkuta amesimama nyuma ya mgomba ameinama anatema kile alichoshindwa kumeza, halafu anajifuta mdomo na pindo la kanga vizuri kabisa ili arudi ndani tusijue. Alikua anafanya hivo siku ngapi sijui. Mtoto ambaye mama yake anamficha aibu ya kushindwa kumeza, ndo mimi huyo.

Kamera ilipopitishwa hospitali kubwa ikaonekana kansa ya koo la chakula, umio kwa Kiswahili cha vitabuni, na ilikua imeshaenda mbali. Akawekewa kibomba cha kupanua njia ili angalau uji upite. Uji ulipita. Akaishi miezi sita.

Katika hiyo miezi sita aliniuliza swali moja mara nyingi, sio kwa kulia, aliuliza kama anavyouliza mwalimu. "Baba, hivi mimi nimekula nini?" (Mama alikua ananiita Baba, mimi nimebeba jina la baba yake.) Pombe hakuwahi kunywa, hata mbege ya harusini alikua anaonja kwa heshima tu anasogeza kibuyu. Sigara hajawahi. Sasa kwa nini yeye? Nikawaulizia madaktari wawili watatu kwa niaba yake, na jibu la kweli kabisa nililopewa ni kwamba kwa huku kwetu bado haijulikani vizuri. Mama akafa na swali lake.

Baada ya arobaini nikaanza kusoma. Mi sio daktari, mi nafanya kazi ya uhasibu, ila kusoma najua. Na kitu cha kwanza kilichonishtua ni kwamba hii kansa haijatawanyika tu hovyo duniani, ina maeneo yake. Kuna ukanda unaanzia Ethiopia unashuka Kenya, Tanzania, Malawi mpaka Afrika Kusini, mashariki yote hii ya Afrika, wagonjwa ni wengi kuliko inavyotegemewa na wengine ni vijana kabisa, Kenya kule upande wa Bomet na Eldoret wameshaona wagonjwa hawajafika hata miaka 30. Ukienda upande wa Afrika magharibi sehemu kubwa ni nadra. Kwa nini huku na sio kule? Ukanda mwingine uko Iran kaskazini, mkoa wa Golestan, na mwingine China. Duniani kote mwaka 2020 peke yake ilikadiriwa watu zaidi ya laki 5 walikufa kwa kansa hii. Na kwa nchi za wenzetu pombe na sigara zinaeleza sehemu kubwa, sasa huku kwetu unakuta mama kama Mama, hajagusa chochote, anaumwa.

Ndo nikakutana na habari ya chai.

Mwaka 2016 lile shirika la kimataifa la utafiti wa kansa la WHO, IARC, lilitangaza kwamba kunywa vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi joto 65, inawezekana sana kunasababisha kansa ya umio. Sio chai yenyewe, sio kahawa yenyewe, ni ule moto. Na mwaka mmoja kabla ya hapo, 2015, ulitoka utafiti uliofanyika hukuhuku Kilimanjaro, watafiti walichukua watu 188 wanaokunywa chai wakawapimia chai zao na kipimajoto pale wanapopiga funda la kwanza, na wastani ulikua nyuzi 70 na kitu. Sabini! Na wa chai ya maziwa walikua wanaanza kunywa ikiwa ya moto zaidi kuliko wa chai ya rangi. Nilisoma hicho kitu saa sita usiku nikaweka simu chini, maana nilikua namuona Mama na kikombe chake cha bati, kile cheupe chenye ukingo wa bluu, amekishika kwa kanga kwa sababu kwa mkono mtupu hakishikiki, anakunywa mvuke unampanda usoni, na ukimwambia subiri ipoe anakujibu chai ikipoa ni maji ya kunawia.

Baadae wakafanya utafiti mkubwa zaidi kwa njia ya kulinganisha, wagonjwa upande mmoja na watu wasioumwa wa umri uleule upande mwingine, Eldoret kule Kenya, hospitali ya KCMC Moshi na Blantyre kule Malawi, na majibu ya Kenya yaliyotoka 2019 yalionyesha wanaosema wanakunywa vya moto sana walikua kwenye hatari kubwa zaidi. Wamegusia na afya ya meno, na madoa ya floraidi kwenye meno ambayo sisi watu wa mlimani na Arusha tunayajua vizuri. Kwa iyo kuna mambo kadhaa yanafuatiliwa. Hakuna aliyesema tumemaliza.

Sasa hapa nilikosea, na kosa hili linaniuma kuliko yote. Niliongea hiyo habari mezani, Baba yupo, na furaha ya mtu aliyegundua kitu, nikasema kumbe ni chai ya moto! Baba akaweka kijiko chini akanyanyuka akatoka. Mimi sikuelewa. Dada yangu mdogo ndo alinipigia wiki mbili baadae akaniambia kaka, Baba hagusi tena chai, asubuhi anakunywa maji tu, na ile sufuria ya chai kaigeuza kaiweka uvunguni. Maana chai ya Mama alikua anapika yeye. Miaka yote tangu Baba astaafu, saa kumi na moja alfajiri anakamua ng'ombe, anachemsha maziwa na majani na tangawizi, anammiminia Mama kwenye kile kikombe na kumpelekea kitandani ikiwa inatoa moshi, hiyo ndo ilikua namna yake ya kumwambia mke wake nakupenda, sisi wazee wetu hawana maneno hayo mdomoni. Na mimi nimeenda kumwambia mezani kwamba ndo kilichomuua.

Nilipanda gari la usiku. Sikujua niseme nini kwa iyo nikamuomba daktari mmoja kijana, ambaye alimhudumia Mama wodini na saivi anasomea ubingwa, aje nyumbani kama mgeni tu. Akaja, shikamoo Mzee, marahaba, wakakaa kwenye benchi nje, na nitayakumbuka maneno yake, alisema Mzee, utafiti unaongelea watu wengi kwa pamoja, hauwezi kumnyooshea kidole mtu mmoja wala kikombe kimoja, wewe mwenyewe umekunywa chai ileile miaka 40 kutoka sufuria ileile na koo lako zima. Hakuna daktari duniani anayeweza kusema Mama aliugua kwa sababu hii. Baba akakaa kimya muda mrefu sana halafu akauliza, "Kwa iyo hamjui." Yule kijana akasema bado Mzee. Baba akasema, "Basi mtafute."

Mchango wetu umetokea hapo. Kwenye hayo maneno mawili ya Baba.

Yule daktari alikua na utafiti wake wa ubingwa, na hii wengi hawaijui: hawa vijana wanaosomea ubingwa lazima waandike tasnifu, na wengi wanajilipia mfukoni, kuchapisha madodoso, kuwalipa wasaidizi wa kukusanya taarifa, nauli za kufuata wagonjwa vijijini. Yeye alitaka kuwafuata nyumbani wagonjwa wa kansa ya umio na majirani zao wasioumwa, kuwauliza maisha yao na kuwapimia chai yao wanavyoinywa kweli, kwa kipimajoto, sio kwa kuulizwa tu unakunywa ya moto au ya vuguvugu, maana moto wa Mama kwangu mimi ni kuungua. Vibali vya maadili alikua anavyo, bila hivyo hakuna kugusa mgonjwa na ni sawa kabisa. Alichokosa ni hela. Bajeti yake ilikua milioni 4 na laki 1. Nikaiangalia ile karatasi kihasibu mstari kwa mstari nikaona hamna hewa, vipimajoto vyenyewe vilikua kitu kidogo sana, kubwa ilikua nauli.

Nikafungua grupu la WhatsApp, nikawaingiza watu wa kwenye daftari la msiba. Siku ya kwanza walitoka 11 kimya kimya. Mjomba akaandika "utafiti si kuna wafadhili wa nje, sisi tunahusikaje". Shangazi yangu mkubwa, ambaye namheshimu kama mama, yeye hakuandika, alinipigia. Akasema mwanangu, mimi nililala na mama yako wodini, kitanda cha pembeni kulikua na mama wa Rombo hana hata nauli ya kurudi kwao, sasa wewe unataka hela iende kwenye makaratasi? Nilikosa cha kumjibu siku ile, maana ana haki. Nikakaa nalo siku tatu. Nikampigia nikamwambia Shangazi, matibabu ya Mama yametula zaidi ya milioni 11, na kila shilingi tuliyoitoa ilimkuta ugonjwa umeshafika, hatukuwahi kufika kabla yake hata siku moja. Na mama wa Rombo ana mabinti. Hao mabinti wanakunywa nini sasa hivi asubuhi, na kina nani watawaambia? Akanyamaza, akasema haya, ila na mimi weka sharti langu, kila mgonjwa atakayehojiwa apewe nauli yake ya kliniki ya mwezi ule. Tukaongeza laki 6 kwenye bajeti. Lile sharti la Shangazi ndo lilifungua grupu, watu walianza kutoa baada ya pale.

Halafu nikawasimulia habari ya Burkitt, maana mjomba na wafadhili wake wa nje alikua hajanyamaza. Denis Burkitt alikua daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago, Kampala, miaka ya 50, akaona watoto wanavimba taya kwa uvimbe wa ajabu, mwaka 1958 akauandikia. Sasa alitaka kujua unaishia wapi, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakachukua gari aina ya Ford lililokwishatumika wakazunguka na picha za wagonjwa hospitali zaidi ya 50, wakashuka huku Tanganyika mpaka kusini huko, karibu maili 10,000, wanauliza tu mmeshaona hii? Safari yote haikufika pauni 700. Ramani waliyopata ilionyesha ugonjwa unafuata joto na mvua, na upande mwingine sampuli kutoka Uganda zikapelekwa London kwa mtafiti mmoja anaitwa Epstein na wenzake, na mwaka 1964 wakaona kirusi ndani yake, kirusi cha kwanza cha binadamu kuhusishwa na kansa. Leo watoto wengi wenye uvimbe ule wanapona kwa dawa. Kazi ile ilianza na gari bovubovu na nauli. Nauli! Ndo kitu kilekile kwenye karatasi ya daktari wetu.

Tukapanga tarehe 28 Desemba, maana Desemba Mchaga yuko nyumbani hata awe wapi. Misa ya kumbukumbu asubuhi, halafu wote uwanjani kwetu. Hatukupika pilau wala kuchinja, tulitoa chai na ndizi za kuchoma na maandazi. Kaka ndo alikua mwenyekiti, mimi na daftari langu lilelile, nimegeuza tu ukurasa baada ya jina la mwisho la msiba nikapiga mstari nikaandika tarehe. Na mezani tuliweka kipimajoto. Kila mtu alimiminiwa chai akaambiwa shika kikombe, usinywe kwa kuigiza, kunywa pale unapokunywaga siku zote, na hapo kabla hajagusa mdomo daktari anachovya anasoma. Sitazitaja namba za watu hapa maana ule haukua utafiti, ilikua kuona tu, ila uwanja ulikaa kimya aliposoma ya mama mmoja mzee, akarudia mara ya pili, na yule bibi akakiangalia kikombe chake kama kimemsema. Daktari akamwambia bibi, huhitaji kuacha chai, iache tu mezani dakika tano, au hamisha kikombe hiki kwenda kile kwanza.

Baadae mnada. Watu walileta walichonacho, mkungu wa ndizi uliuzwa na kuuzwa tena mara nne, trei ya mayai, jogoo, debe la parachichi. Yule mzee wa fimbo alikuja. Nilimtambua kabla hajafika mezani. Akaweka elfu 2, nikamuuliza niandike jirani? Akasema hapana, leo andika jina la marehemu mke wangu, naye alikua hamezi. Nikaandika.

Siku ile tulipata milioni 2 na laki 9, na za simu zikaendelea kuingia mpaka Pasaka, jumla milioni 4 na elfu 85. Bajeti na sharti la Shangazi ilikua milioni 4 na laki 7, kilichopungua tumemalizia sisi watoto watano. Hela haikupita kwangu kwenda kwa daktari mkononi, iliingia akaunti ya chuo kwa jina la utafiti, risiti nimeziweka zote kwenye grupu, na nashauri yeyote anayetaka kufanya hivi kwa ajili ya mtu wake aanzie hapo: uliza kibali cha maadili, uliza hela inaingia akaunti ya nani, na kubaliana mapema majibu yataletwaje kwenu.

Na nyie wasomaji, mtu wenu akianza kusema chakula kinakwama, asimezeshwe dawa za vidonda miezi mitatu. Wiki mbili zikipita na bado kinakwama mpelekeni apitishwe kamera, mng'ang'anie, hata wakiwaona wasumbufu.

Daktari ameshamaliza kuhoji, saivi yuko kwenye hesabu. Tumekubaliana majibu atakuja kuyasoma palepale uwanjani kwa Kiswahili cha kawaida, vyovyote yatakavyokua, hata kama yatasema hamna kitu, na tarehe ni Desemba hii. Juzi nilipiga simu nyumbani kuuliza chai ya siku hiyo tumuagize nani, nikasikia vyombo vinagongana nyuma, Baba akachukua simu kwa dada akasema hakuna kuagiza, sufuria ameshaitoa uvunguni, atapika yeye.